Sanduku la Mvule Ngamiani

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mwaka 2022 mafundi wenzake wote wa Kasulu walikuwa na habari moja midomoni: bomba la mafuta. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani, Tanga, tarehe 5 Agosti 2017, marais Magufuli na Museveni wakiwapo, kisha miaka ikapita kimya. Februari 2022 uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha ukatangazwa Kampala. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya njia hiyo iko upande wetu wa Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Mume wangu alinieleza hayo usiku, taa imezimwa, hana usingizi. "Mama watoto, kila bomba linaungwa na mwenzake kwa moto. Na moto ndiyo kazi yangu." Tukauza mbuzi, tukafunga mizigo.

Kwa sisi watu wa Buha, nchi ya Waha kule Kigoma, Tanga si ugenini kabisa. Babu yake mume wangu alikwenda huko kukata mkonge zama za Waingereza. Aliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 ili kuwatafutia vibarua kutoka Kigoma, Songea na hata Ruanda-Urundi. Walilipwa kwa kipande cha siku 30: siku zisipotimia kwenye kadi, mshahara hautoki. Alichorudi nacho mzee yule ni sanduku la mvule, alilolinunua kwa jasho la vipande vyake, na ndani ya sanduku hilo ukoo mzima uliweka kilicho cha maana. Sisi tuliweka vyeti. Tukalipakia basini, likarudi kule lilikonunuliwa.

Tulishukia stendi ya Kange jioni, watoto wamevimba miguu kwa safari, tukiwa na godoro, dumu la mawese, gunia la dagaa wa Kigoma na hilo sanduku. Tulipata vyumba viwili Ngamiani, kwenye nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, na ua wa nyuma wenye jiko, choo na kisima. Kuta zilikuwa viambaza vya udongo na fito juu ya miti ya mikoko, usoni zimepigwa lipu ya saruji na chokaa hata ukadhani ni za matofali. Mwenye nyumba ni bibi wa Kidigo, mjane, anayekaa chumba cha mbele karibu na baraza. Alipokea kodi ya miezi mitatu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Wanangu, kwangu hapana mgeni baada ya chakula cha kwanza."

Chakula hicho cha kwanza nilikipika mimi. Bibi akachungulia sufuria.

"Mwanangu, wekundu huu wa nini?"

"Mawese, bibi."

"Basi tia sahani tuonje."

Alionja, akanyamaza, akaongeza. Kesho yake akaniketisha juu ya mbuzi pale uani, nikakuna nazi hadi vidole vikawaka, akanifundisha tui zito na tui jepesi, lipi la kuchemshia na lipi la kumalizia. Mimi nikagawa dagaa kwa wapangaji wote na kwa majirani wa kushoto na kulia. Dagaa wa Kigoma wanapendwa Tanga, na sahani pwani hairudi tupu: moja ilirudi na mbaazi za nazi, moja na mikate ya kumimina, moja na machungwa ya Muheza. Nayasema haya kwa urefu kwa sababu baadaye, nyumba ilipotuangukia, waliokuja mbio walikuwa hao hao wa sahani.

Kazi ilikuwa jambo jingine. Alfajiri mume wangu alitoka na baiskeli ya kuazima, maana Tanga ni mji wa baiskeli, wazee na kina mama wote wanapanda. Alikwenda bandarini. Huko zamani meli zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari na mabega ya watu. Sasa gati limechimbwa na kupanuliwa, mita 450, meli kubwa zinafunga hapo hapo, na mabega yanayotakiwa si mengi kama ya zamani. Alikwenda Pongwe kwenye saruji. Alikwenda Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, akarudi jua limemchoma shingo. Vibarua visivyo vya ufundi hutolewa kwanza kwa wakazi wa maeneo ya jirani, na ni haki yao, wao ndio walioachia ardhi na bahari yao. Kwa mafundi wanataka vyeti, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na barua ya serikali ya mtaa. Kila mahali aliacha nakala, kila mahali aliambiwa atapigiwa simu.

Barua ya mtaa nayo ilichelewa. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nani anawajua hapa?" Bibi mwenye nyumba akavaa baibui lake jeusi, akaenda mwenyewe ofisini, akaketi mbele ya meza. "Hawa nawajua mimi." Barua ikatoka siku hiyo hiyo.

Miezi ikaenda. Mimi ni karani wa hesabu kwa masomo, nami nilizunguka madukani na maofisini mtoto mdogo akiwa mgongoni. Mawese yakaisha, dagaa wakaisha. Mapema mwaka 2023, masika yakikaribia, simu ikalia: mkandarasi mmoja anamwita mume wangu kwenye usaili, aje na vyeti halisi. Nyumba nzima ilishangilia. Bibi alitoa udi akafukiza kanzu ambayo haikuwa hata ya kwenda nayo.

Usiku ule tukalivuta sanduku kutoka mvunguni. Lilikuwa jepesi.

Mvule wenyewe ulikuwa salama, mchwa hawaupendi. Walipita kwenye ufa mmoja wa chini, uliopanuka kwa unyevu wa pwani, wakajenga njia zao za udongo hadi ndani, wakala karatasi. Cheti cha kuhitimu cha mume wangu kilibaki kipande cha juu chenye nembo na jina. Mwaka na daraja vimekwenda. Cheti cha majaribio ya ufundi kilikuwa unga. Changu cha ukarani kilitoboka matundu, lakini kilisomeka. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu wa kwanza hakikuwapo kabisa. Mume wangu aliketi sakafuni na kile kipande mkononi, hakusema neno. Sijawahi kumwona vile, hata alipomzika baba yake.

Bibi aliposikia alikuja na taa. Aliangalia, akashika kiuno. "Wamo humu tangu marehemu mume wangu yu hai. Kesho tunawachimbua."

Usaili ulikuwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi alikuja mzee jirani na mtaimbo. Mzee huyu kwa asili ni Muha kama sisi. Baba yake alikuja na mkonge na hakurudi tena, na yeye mwenyewe Kiha hakijui ila maneno ya kuombea mvua. Tanga imejaa watu wa namna hiyo, Waha, Wamakonde, Wanyamwezi, wajukuu wa mashamba. Wakafuata njia za mchwa kutoka mvunguni mwa kitanda, wakavunja sakafu, wakakuta pango. Malkia alikuwemo, tumbo lake lina urefu wa kidole. Watoto wa mtaa mzima walijazana ukumbini kumtazama. Bibi akamwagia shimo zima oili chafu, kisha chokaa.

Hapo tulidhani shughuli imekwisha. Mzee alipogonga mguu wa kiambaza kuona mchwa wamefika wapi, mti wa mkoko ukapasuka kama ganda la yai. Ndani ulikuwa mtupu. Mti wa pili hivyo hivyo. Ukuta ulikuwa umesimama kwa lipu peke yake, na lipu haiwezi kubeba paa. Bibi akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni nyote!" Tukakimbilia uani na watoto, na kiambaza kilicho kati yetu na chumba cha jirani kikalala chote kwa mshindo mmoja. Vumbi lilitoka madirishani, watu wakaja wakidhani ni moto. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Jirani yetu, mama wa Kimakonde anayeshona nguo, alipoteza sufuria ya mbaazi na meza. Cherehani chake kilisimama katikati ya kifusi. Juu, boriti moja ilining'inia, na mabati yakaanza kuinama.

Usiku ule familia mbili zililala chumba kimoja kilichokuwa viwili, kanga mbili zimetundikwa katikati. Watoto wetu walilala kwa bibi. Watu wa mtaa walizoa udongo hadi saa nne usiku, na hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Wenye sahani wakaleta uji, mihogo na chai.

Jumatatu mume wangu alikwenda kwenye usaili na kile kipande cha cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Wale waliomsaili walimsikiliza vizuri, wakamwambia hawawezi kumpokea bila cheti kamili. Sikuwalaumu. Bomba la mafuta likivuja, uhai wa watu na wa bahari uko hatarini. Mwajiri lazima ajue anamkabidhi nani kazi. Alirudi mchana, akavua shati zuri, akatazama ile boriti. "Hii nitaishika kwa chuma," akasema.

Mwenye gereji mmoja aliyekuwepo usiku wa kifusi alimwazima mashine ya kuchomelea. Bibi akatoa fedha za kodi kutoka pindoni akanunua skwea paipu. Mzee jirani akamwonya juu ya hewa ya chumvi: chuma cha Kasulu na chuma cha Tanga havizeeki sawa, hapa kutu huanza siku ile ile, kwa hiyo miguu iingie kwenye zege na kila kiungio kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya jua kuchwa. Mume wangu alisimamisha nguzo na mhimili, paa likakaa sawa, kisha wakajenga tofali katikati. Mtaa mzima ulipita kutazama. Wa kwanza kuagiza grili za madirisha alikuwa mwenyekiti wa mtaa, yule wa "nani anawajua hapa?" Akafuata mwenye duka, akafuata msikiti kwa geti. Baada ya masika mwenye gereji alimpa kona yake ya kudumu. Mimi, kupitia mpwa wa bibi, nilipata kazi ya kuandika hesabu kwenye kituo cha kupokelea maziwa. Wafugaji wadogo wanafika alfajiri na madumu nyuma ya baiskeli, maziwa yanapimwa kwa laktomita, mimi naandika lita za kila mtu. Kile cheti chenye matundu kilinitosha.

Cha mume wangu kilitutesa. Chuo alichosoma kiko upande wa pili wa nchi, nacho kilitaka aje mwenyewe, na taarifa ya polisi, na ada. Alifunga safari ya Segera, Chalinze, Dodoma, Tabora, hadi nyumbani, na kazi za watu alizoziacha gerejini zikachukuliwa na wengine. Alirudi bila cheti, akatakiwa aende tena. Cheti mbadala kilipatikana mwaka 2024, na kwa hicho alipata mkataba mfupi Chongoleani kwa mkandarasi mdogo, kazi ya vyuma vya ngazi. Alilipwa vizuri na mkataba ukaisha. Ajira ya ujenzi ndivyo ilivyo, na atakayekuja Tanga kwa ajili ya bomba aje akijua kwamba mitambo ikishasimama wanaobaki ni wachache.

Shida ya karatasi si ya kwetu tu. Wifi yangu yuko Perth, Australia. Tulipomsimulia kisa cha mchwa kwa simu hakucheka, alilia. Huko kufungua akaunti ya benki tu kunataka vitambulisho. Fundi kutoka nje hupimwa upya ujuzi wake kabla ya kutambuliwa. Na waajiri wengi huuliza umefanya kazi wapi humo humo nchini na nani atakusemea. Yeye alianza kwa kusafisha nyumba ya kulelea wazee, na aliyemsemea mara ya kwanza alikuwa mama wa Kisomali wa mlango wa pili. Nilimwambia bibi habari hiyo. Akasema, "Kumbe kote ni mtu na jirani yake."

Tumebaki Ngamiani, na sanduku lipo, juu ya matofali sasa. Lakini si haki fundi mwenye mikono mizima akae mwaka mzima bila kutambuliwa kwa sababu ya karatasi iliyoliwa, wakati majina ya wahitimu yamo kwenye madaftari ya vyuo. Nawaomba wenye vyuo vya ufundi: mkubali mhitimu athibitishwe kwenye chuo chochote cha mkoa anaoishi, kwa namba yake ya NIDA na alama za vidole, bila kumrudisha kilomita elfu na zaidi. Na wewe unayefunga mizigo wiki hii kuja pwani, vyeti vyako vitolee nakala leo, zithibitishwe na wakili, seti moja imwachie mama nyumbani.