Sifa za Umbea

Umbea umetukanwa misikitini, makanisani na kwenye vikao vya harusi, wala hajatokea hata mmoja wa kuutetea. Leo nasimama mimi. Shahidi wangu namtoa mbali, kwenye mashamba ya makabaila wa Uingereza, ambako umbea ulilishwa vizuri, ukanenepa, ukazaa ukoo mzima wa riwaya: zile za kuchekesha na kuona haya kwa pamoja, zenye malodi vichaa, mabibi wasiolala vyumbani mwao, na jirani aliyejibanza nyuma ya ua akihesabu nani katokea dirisha gani.

Tumwangalie kwanza huyo jirani. Katika karne ya 18 kabaila wa kijijini alimiliki ardhi, na mara nyingi hata kibanda unacholala kilikuwa chake. Ukimwibia sungura, hakimu wa kukuhukumu aliweza kuwa yeye mwenyewe au rafiki anayekunywa naye. Ukikimbilia kanisani kumshtakia Mungu, kasisi naye huenda alipata kazi kwa uteuzi wa bwana huyo huyo. Ukabakiwa na nini? Ulimi. Shamba lilikuwa na hati, msitu una mlinzi, hata samaki wa mtoni wana mwenyewe. Habari za chumbani kwake peke yake ndizo zilizokuwa mali ya kijiji.

Wala habari hizo hazikuwa upuuzi. Kwa desturi yao cheo na shamba vilimwangukia mtoto wa kwanza wa kiume aliyezaliwa ndani ya ndoa. Wadogo zake wakaambulia jeshi, kanisa, au pole. Kwa hiyo bibi alilala wapi mwezi wa Machi lilikuwa swali la ardhi. Mbea aliyehesabu miezi kwa vidole alikuwa akifanya kazi ya msajili wa hati, bila mshahara, bila hata kiti cha kukalia.

Henry Fielding alilitambua hilo mapema. Riwaya yake ya Tom Jones, iliyotoka mwaka 1749, inaanza na kitoto kilichokutwa kitandani kwa Bwana Allworthy, kabaila mwema wa Somerset. Mtoto wa nani? Mwandishi anatembeza vitabu 18 kulijibu swali ambalo wanawake wa kijiji walikwisha kulianza kabla chai haijapoa. Jirani yake Allworthy ni Bwana Western, mzee wa mitusi, chupa na mbwa. Binti yake anapotoroka nyumbani, baba anatoka mbio kumfuata, roho juu; njiani anasikia mbwa wa watu wakibweka nyuma ya mbweha. Binti akasahauliwa pale pale. Mzee akageuza farasi, akaenda kuwinda.

Yupo pia mwanafalsafa Square, mtu wa kuhubiri maadili tangu asubuhi hadi jioni. Tom anapanda darini kumtembelea Molly, binti wa mlinzi wa wanyama wa msituni. Pazia la blanketi linaanguka, na nyuma yake yupo nani? Maadili yenyewe, yamechutama, yamevaa kofia ya kulalia ya Molly. Nionyesheni mahubiri yaliyowahi kumsahihisha mnafiki kwa haraka namna hiyo.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1750 ardhi ya London ilipotikisika mara mbili, Askofu Thomas Sherlock aliwaandikia watu waraka wa kuwakemea kwa dhambi zao, vitabu vichafu vikiwa miongoni mwazo. Angalieni heshima hiyo! Ni sanaa gani nyingine imewahi kushukiwa kuwa inaweza kutetemesha mji? Na Fielding mwenyewe wakati huo alikuwa hakimu pale Bow Street, akisikiliza kesi za wezi. Mchana alidai ushahidi; riwayani umbea ulimtosha.

Umbea huo ulikuwa na wakala wake ndani ya nyumba. Zama za Mfalme Edward VII, wageni wa mwisho wa juma walipangiwa vyumba, na kila mlango ukawekewa kadi yenye jina. Mwenye nyumba mwenye busara alijua nani amweke jirani na nani, na kadi zile zilimfaa sana msafiri wa usiku. Wambea wanasimulia kwamba Lodi Charles Beresford, jemadari wa majini, alinyata gizani, akajitupa kitandani huku akiwika kama jogoo, akajikuta katikati ya askofu na mkewe. Kama si kweli, mbea aliyeitunga anastahili cheo.

Ukoo haukukatika. Mwaka 1985 Jilly Cooper alileta Riders, kisa cha farasi, wake za watu na waume za watu katika jimbo la Rutshire. Jimbo hilo halimo kwenye ramani, na jina lake linachezea neno la Kiingereza la mnyama aliyepandwa na ashiki.

Umbea huu umefika hata kwetu. Miaka ya 1920 na 1930 baadhi ya makabaila hao walihamishia vitanda vyao bonde la Wanjohi, Kenya. Bibi Idina Sackville aliolewa mara tano. Mume wake wa tatu, Lodi Erroll, alipigwa risasi karibu na Nairobi Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa hawara wa marehemu, akashtakiwa na kuachiwa huru. Wazungu wameiandikia kesi hiyo vitabu na filamu. Lakini waliotandika yale mashuka walikuwa watu wetu, na riwaya yao sijabahatika kuisoma.

Nakiri umbea una adui mmoja: anayejisema mwenyewe. Kodi za urithi zilipowabana malodi, Markizi wa Bath alifungua nyumba yake ya Longleat kwa watu wenye tiketi mwaka 1949, na mwaka 1966 akafungulia simba bustanini, watalii wakapita na magari yao. Walikuwa wamekwisha kutuazima neno letu safari, wakalibandika getini. Mwanawe, Alexander Thynn, akachora ukutani picha za mapenzi na kuwatangaza waziwazi wapenzi wake zaidi ya 70. Mbea aliyepiga magoti miaka kumi kwenye tundu la ufunguo akaambiwa mlango uko wazi, alipe dirishani. Alirudi nyumbani akiwa kama mjane.

Aliyemwokoa ni Tom Sharpe. Katika Blott on the Landscape ya mwaka 1975, Sir Giles, mbunge na kabaila wa kuoa, ana mambo mawili ya kuficha: barabara kuu anayotaka ipite kwenye shamba la mkewe ili apate fidia, na mwanamke wa mjini anayemfunga kamba kitandani na kumlea kama mtoto mchanga. Mkewe, Bibi Maud, anageuza shamba kuwa mbuga na kuleta simba. Sir Giles anarudi usiku kwa siri na nia mbaya, na simba wanamla.

Hapo ndipo thamani ya umbea inapoonekana. Shamba lile lilipata majirani wa kila sifa: wana nguvu, wana subira, hawamwogopi lodi wala hakimu wake. Wakamaliza kazi ambayo vijiji vya Uingereza viliiota kwa karne nyingi. Kisha wakajilamba, wakalala, wasimwambie mtu.