Picha Isiyo na Mtu

Katika wilaya nzima ya Fizi, kuanzia vilele vya Mitumba mpaka ncha ya Ubwari, hakuna reli hata hatua moja. Tuna Nasionali 5, barabara ambayo kwenye ramani inatoka Uvira, inapita Baraka na Fizi-Centre, inateremka hadi Kalemie, na ambayo masika ikifika hukamata Fuso na kuzilaza matopeni mpaka dereva azoeane na wanakijiji. Tuna pikipiki. Tuna maboti. Ziwa Tanganyika lenyewe tunalo. Treni hatuna. Nami, mkazi wa Baraka, mapenzi yangu ni kupiga picha za treni.

Wenzangu wa Dar es Salaam wenye maradhi haya wamepata nafuu. Tangu 2024 wana treni ya umeme inayokwenda mpaka Dodoma kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na shida yao kubwa ni kuwahi kubonyeza kabla haijapita. Mimi treni yangu haikimbii. Naifuata kwa maji.

Reli zilizo jirani ni mbili. Ya kwanza ni ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa: Wajerumani walianza kuitandika Dar es Salaam 1905, wakaifikisha Kigoma 1914, kilomita zaidi ya 1,200. Ya pili ni ya Kalemie, kusini yetu, enzi hizo ikiitwa Albertville. Wabelgiji waliileta mwaka 1915 kutoka Kabalo kwa kufuata bonde la mto Lukuga. Kwa hiyo tangu Vita Kuu ya Kwanza reli mbili zimesimama kwenye maji ya ziwa moja. Zote zilikuwa na upana wa milimita 1,000, mpaka katika miaka ya 1950 Wabelgiji walipoipanua yao ikawa 1,067, ipate kushikana na reli za Katanga. Tofauti ni milimita 67. Nimepima: ni vidole vinne vya mkono wangu. Leo hata ujengwe daraja juu ya Tanganyika nzima, behewa la Kigoma likifika Kalemie litatumbukia katikati.

Nikiwaeleza watu mambo haya kwenye kibanda cha chai, husikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha mmoja huuliza kwa niaba ya wote:

“Na wewe unalipwa na nani?”

Swali ni halali. Baraka ni mji wa mashirika. Mtu mwenye kamera ana shirika, mwenye shirika ana orodha, na mwenye orodha ana ndoo, sabuni na maturubai. Nikikaa barazani kufuta vumbi kwenye lenzi, haipiti nusu saa mama mmoja anafika na watoto. “Papa, uniandike na mimi, maji ya ziwa yaliingia mpaka chumbani.” Na ni kweli yaliingia. Nikisema siandiki watu, nafotoa treni, ananitazama kama mtu aliyefichwa anuani ya ofisi, kisha anakwenda kumwita jirani aje ajaribu bahati yake.

Maradhi yenyewe niliyaokota utotoni. Mwaka 1996 vita vilitusukuma ziwani kama vilivyowasukuma wengi wa Fizi, na kabla hatujapakiwa kupelekwa kambi ya Nyarugusu nilikiona kichwa cha treni Kigoma kikirudi nyuma taratibu, peke yake, hakivuti kitu, hakina haraka. Kila kitu kingine mwaka ule kilikuwa kinakimbia.

Lakini habari za utoto hazimtoshi mke. Mke wangu aliona mume anafunga mfuko, anapanda boti, anakwenda Kigoma, anarudi bila mzigo wa biashara. Hakuleta hata kanga. Akaomba kuona hizo picha. Nikamwonyesha kwa furaha, maana alikuwa mtu wa kwanza kuomba. Akazipitia zote kwa kidole, kimya, kisha akasema: “Mtu anayekaa Kigoma siku zote hizo akarudi na picha zisizo na mtu hata mmoja, huyo mtu amemtoa.”

Kesi ikapelekwa kwa ukoo. Akaja mjomba kutoka Fizi-Centre, amekalia pikipiki nyuma ya gunia la muhogo, na shangazi akaja na miwani ya mwanawe. Kamera ikawekwa juu ya meza katikati ya sombe na ugali, na mimi nikaketi kwenye kigoda cha watu wenye makosa.

“Hiki ni nini?” mjomba akauliza.

“Ni kiungo, mjomba. Kinashikanisha behewa na behewa.”

“Na hiki?”

“Kiungo hicho hicho. Upande wa pili.”

Akasogeza. Magurudumu. Akasogeza. Magurudumu, jua limehamia kushoto. Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akitafuta walau kivuli cha mwanamke kwenye dirisha la daraja la tatu. Wakafika kwenye picha ya bango la kituo, wakadhani wamepata kitu, kumbe ni bango. Nikajaribu kusaidia. Nikawaeleza kwamba Liemba, ile meli wanayoijua wazee wote wa ziwa hili, ni mtoto wa reli: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Kigoma kwa treni, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikachukuliwa na adui, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 ikarudi kubeba abiria. Meli iliyopanda treni kabla ya kupanda maji! Mjomba akaniinulia mkono ninyamaze, kwani maelezo yangu yalikuwa yanaharibu kesi iliyokuwa inaelekea vizuri.

Mwishowe akanawa mikono na kutoa hukumu. “Mtoto huyu hana mwanamke,” akamwambia mke wangu. “Mwenye mwanamke angepiga picha nzuri kuliko hizi.”

Nikaachiwa huru. Sijui kama nilishinda.

Kuvuka nako kuna mambo yake. Kwenye boti kamera hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo huwekwa na kapiteni mahali anapotaka yeye, yaani chini ya magunia ya ndagala. Maji hayajawahi kuingia. Harufu iliingia zamani, ikapata makazi. Kigoma nikichutama kando ya reli kutafuta pembe nzuri, paka wa kituoni huja mmoja mmoja kukaa mbele yangu, na ninazo picha za treni ambazo robo yake ya chini ni masikio.

Paka ni afadhali kuliko watu. Ukiinua kamera katika sehemu hizi zetu, Kigoma au Baraka, kila aliye mbele yako huelewa kwamba ameombwa. Mama wa mawese aliyekuwa anapita tu huweka dumu chini. “Ngoja kwanza mwanangu, nivae viatu.” Anavaa, anakaza kitenge, anamwita dada yake aliye upande wa pili wa njia, dada anamwita mtoto, mtoto hataki, anapigwa, analia, anafutwa machozi, wote wanasimama wima na kununa, maana picha si mchezo. Nyuma yao, wakati huo wote, mabehewa yanapita na kwisha. Kisha mama ananipa namba ya mtu wa Uvinza wa kumtumia.

Katika kituo kimoja, na sitasema cha upande gani wa ziwa kwa sababu bado nataka kurudi, mlinzi alinishika mkono na kunipeleka kwenye kivuli. Sheria anaijua na mimi naijua: vituo, bandari na madaraja havipigwi picha bila kibali. Kibali ninacho, kimelowa kidogo. Hakukitazama. Alitazama picha, moja baada ya moja, na uso wake ukabadilika.

“Magurudumu,” akasema.

“Ndiyo, chef.”

“Raia mwema anapiga magurudumu ya nini?”

Nikamweleza kwamba treni ina sura yake, kwamba ukiitazama bila watu ndipo unaiona. Nilisema maneno mazuri, nadhani. Akafikiri. Kisha akavua kofia, akachana nywele, akavaa kofia, akasimama mbele ya kichwa cha treni mkono kiunoni, akanifanya nimpige picha kwa kusimama, kwa kuchutama na kwa kushika mlango. Ndipo faili langu, kwa maoni yake, likawa na picha.

Kalemie ni hadithi fupi. Nilikwenda, nikaambiwa treni imeshatoka Kabalo. Kabalo si mbali, haifiki kilomita 300. Nikakaa. Nikapiga picha reli ikiwa na nyasi, reli ikiwa na mbuzi, mbuzi peke yake. Kila asubuhi treni ilikuwa imeshatoka Kabalo. Boti la kurudi nalo halingoji mtu, nikapanda, na tulipokwisha kuiacha pwani mbali, ikapigwa honi, ndefu, upande wa mjini. Kapiteni akageuka kunitazama kwa huruma. Picha ninayo. Ukikuza sana kuna doa, na doa hilo ni treni au ni jiko la mtu.

Kazi yote hii ingebaki kwangu kama si kijana wa sekretaria pembeni ya soko. Nilimpelekea kadi anitolee picha chache kwenye karatasi, akazinakili zangu zote kwenye kompyuta yake bila kuniuliza. Kijana huyu huwatoa watu kwenye ukuta wake wa buluu na kuwaweka wanakotaka: kwenye maghorofa ya Dubai, chini ya mnara wa Paris, katikati ya mawaridi. Muda si mrefu nikaalikwa harusi Fizi-Centre, na sebuleni nikamkuta bwana harusi na bibi harusi wamesimama mbele ya treni yangu ya saa kumi na mbili asubuhi, ile niliyoilalia kituoni na kuumwa na mbu wote wa Kigoma. Bwana harusi hajawahi kuvuka ziwa. Viatu vyake havikugusa kokoto. Vilikuwa juu kidogo, kiganja kimoja hivi.

Nilikwenda kwa kijana nikiwa na maneno ya kumwambia. Akaniwekea kiti, akanihesabia nusu ya franka alizopata. Treni, akasema, imeipita Dubai. Wazee waliokaa Tanzania wanaitaka kwa kumbukumbu, vijana wanaitaka kwa sababu hawajaiona. Nikakaa.

Sasa huwa napita pale jioni kuchagua picha pamoja na wateja. Majuzi alikuja dereva wa pikipiki, shati limepigwa pasi, akapitia zote na kuchagua ile ninayoipenda kuliko nyingine: kichwa cha treni kinaingia Kigoma, moshi umelala upande, na dirishani, mdogo kabisa, kuna mtu. Ni mmoja tu katika picha zangu zote ambaye hakujiweka. Nilimsifu mteja kwa jicho lake.

“Huyu dirishani ni nani?” akauliza.

“Ni dereva.”

“Mtoeni. Siwezi kulipia picha yenye mtu nisiyemjua.”

“Ndugu yangu, tukimtoa, treni itaendeshwa na nani?”

Akatuangalia sisi wawili, akafungua mfuko wake wa plastiki.

“Si nimekuja na kofia?”