Muulize Mjomba Mwanga

*Shikamoo Mjomba. Nimepiga picha za harusi hapa Tanga kwa flashi yangu mpya. Bi harusi katoka mweupe kama kamwagiwa sembe, wageni wamezama gizani, macho ya bwana harusi mekundu. Kamati inadai hela zake. Nisaidie.*
*Mpiga Picha, Mafichoni*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya busara kuniandikia mimi kabla ya kutafuta wakili. Ila kwanza tuelewane: flashi unayosema ni ya kamera? Maana juzi msomaji aliniuliza habari za flashi, nikamjibu kurasa mbili za nuru na kivuli, kumbe yake ni ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, na imeingia virusi. Hata hivyo alinishukuru. Wote hunishukuru.

Tuanze na huo unga wa bi harusi, maana flashi ya zamani ilikuwa unga kweli. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali nyingine. Ukiuwasha, unalipuka mwanga na moshi tele. Wapo wapiga picha walioungua nao. Wewe umeunguza jina tu, na jina huota tena, ingawa polepole kuliko nyusi. Nyusi zangu mimi ziko kamili. Waulize watu wa Chumbageni.

Giza la wageni ni suala la pilau. Mwanga wa flashi hugawiwa kama sinia la harusi: aliye karibu anakula nyama, aliye nyuma anakwangua ukoko. Bi harusi akiwa mita 2 kutoka kwenye flashi, shangazi yake aliye mita 4 anapata robo tu ya mwanga ule, na mjumbe wa kamati aliye mita 8 anaambulia sehemu 1 ya 16. Ndiyo maana amekasirika. Basi pandisha ISO, punguza kasi ya shata, tuseme 1/60, taa za ukumbi nazo zipate kupakua. Usihofu kwamba bi harusi atatoka na ukungu akicheza. Flashi huwaka muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na huo mwako ndio unaomgandisha. Harold Edgerton wa kule MIT, Marekani, alinasa hivyo risasi ikitoboa tofaa mwaka 1964. Mimi nimemnasa mjumbe wa kamati akitoa mchango kabla hajakumbushwa. Pima mwenyewe kipi adimu.

Sasa dawa. Wanaojua watakwambia usimlenge mtu usoni kama mgambo mwenye tochi. Geuza kichwa cha flashi juu, mwanga ugonge dari nyeupe, urudi umetulia. Ushauri mzuri, kwa watu wenye dari. Kumbi zetu dari imefunikwa vitambaa vya zambarau, na mwanga unarudi na rangi ya ulipogonga. Yalinikuta kwenye harusi ya jirani: bi harusi akageuka bilinganya. Kabla mama yake hajanifikia nikamkabidhi kijana kamera, nikasimama kando ya bi harusi na kanzu yangu nyeupe, kitambi mbele, flashi inielekee mimi. Mwanga ukagonga kitambi, ukamrudia laini kama samli. Siri ni upana, mpwa wangu. Kile kidirisha cha flashi ni kidogo, vivuli vyake vinakata kama wembe. Chanzo kikiwa kipana na kikisogea karibu na uso, vivuli vinalainika. Kwa hiyo mtu mwembamba kama mhariri wangu hafai kwa kazi hii. Shuka jeupe linafaa, nakubali, lakini shuka halijui kuchekesha maharusi.

Mhariri ananionyesha saa. Kajisikia.

Macho mekundu, haraka: gizani mboni hufunguka, na flashi iliyokaa jirani na lenzi inapenya hadi nyuma ya jicho kwenye damu, ndiyo wekundu unaouona. Si jini, si pombe, mwambie bwana harusi aache kuapa. Kitambi kinatibu na hilo, kwa sababu mwanga unaingia kwa ubavu.

Zile picha zilizokwisha kuharibika zifanye nyeusi na nyeupe, uiambie kamati ndio mtindo wa sasa. Kanzu naazimisha, lakini haitoki bila mwenyewe ndani, na pilau yangu isiwe ya mita 8.