Ua Lenye Cheo

Mwaka 1927 jimbo la Alabama, Marekani, lilitawaza goldenrodi, ua la manjano linalojiotea kando ya barabara, kuwa ua lake rasmi. Mwaka 1959 likavuliwa cheo kwa kosa la kuwa gugu, kiti akapewa kamelia, ndugu wa mchai, mzaliwa wa Asia. Uhamiaji hawakuuliza pasipoti. Jirani Georgia anajivunia waridi la Wacherokee. Asili yake China. Jimboni Maine nako, tangu 1895, ua rasmi ni koni ya msonobari. Hongera kwao.

Goldenrodi hadi leo hulaumiwa kwa chafya za watu, ilhali chavua yake nzito haipeperuki, husubiri nyuki. Mkosaji ni gugu jingine, lisilo na rangi ya kutazamwa, linalochanua msimu huohuo. Huyo hajawahi hata kuitwa kuhojiwa.