Pilipili Chotara: Muhadhara wa Bingwa Asiye na Mpinzani

Wakulima watukufu, wanunuzi waheshimiwa, madalali wa ngazi zote, nanyi mliofika kwa kusikia tetesi za soda: kaeni. Waliokosa viti wasikilize wakiwa wima, elimu yangu huingia kichwani kwa mkao wowote.

Mimi ndiye Bingwa wa Pilipili wa ukanda huu. Cheo hiki sikupewa na chuo, maana hakijapatikana chuo chenye hadhi ya kunipa. Nilijitunuku mwenyewe, kura moja ya ndiyo, hakuna aliyepinga. Shamba sina, na msiniulize habari za shamba; mkunga haulizwi amezaa mara ngapi.

Hii pakiti mnayoiona mkononi mwangu, yenye picha ya pilipili nyekundu iliyopigwa Mungu ajuaye wapi, ni chotara wa kizazi cha kwanza, F1. Mnanung'unika kwamba ni ghali, tena punje zimehesabiwa. Mnajua lakini inavyopatikana? Mara nyingi ni mtu ameinama juu ya ua ambalo halijachanua, analifungua kwa kibano, anang'oa stameni zote lisije likajichavusha, kisha analipaka chavua ya baba aliyechaguliwa. Hilo ni ua moja. Linafuata jingine, na jingine, mpaka shamba liishe. Ndoa zote hizo zimefungwa kwa mkono, nanyi mnataka kuzilipia bei ya mchicha!

Faida yake ni miche inayolingana, matunda yanayolingana, na aina nyingine zina ustahimilivu wa baadhi ya virusi. Kinyausi kitaluni ni habari nyingine: anayegeuza kitalu kuwa bwawa asimtafute mchawi.

Namwona mzee pale nyuma anakamua mbegu za chotara na kuzifunga kwenye leso. Shikamoo mzee wangu, lakini fungua hiyo leso. Watoto wa chotara hawamfuati mzazi wao. Msimu ujao shamba moja litakuzalia ndefu, fupi, kali, pooza, na nyingine ambazo hata mimi nitasita kuzitaja majina, jambo ambalo kwangu ni nadra. Siri hiyo ya urithi padri Gregor Mendel aliichapisha mwaka 1866, kwa kutumia njegere. Alinitangulia kwa sababu tu aliwahi kuzaliwa.

Kuhusu ukali, mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alikuwa akizimua kiini cha pilipili kwa maji ya sukari na kuwaonjesha watu mpaka ukali upotee ulimini. Kwa kipimo chake hoho ni sifuri, pilipili mbuzi huvuka 100,000 bila kutoka jasho, na Pepper X ya Marekani iliingia kitabu cha Guinness mwaka 2023 kwa 2,693,000. Wengi wenu mnaapa kwamba ukali umo ndani ya mbegu. Chaneni tunda: uko kwenye ule utando mweupe ulioshikilia mbegu. Tena aina ileile ikipata kiu na joto inaweza kukolea kuliko iliyonyweshwa vizuri, kwa hiyo maneno ya pakiti yasomwe kwa adabu. Bwana uliyechana kisha ukajifuta jicho, pole, muhadhara unaendelea. Na ndege wakizila shambani bila kukunja uso, msiseme mmeuziwa mbegu feki. Ndege hawausikii ukali huo kabisa.

Tumfikie mnunuzi, kiumbe niliyemchunguza kwa karibu. Anataka kikonyo kibichi, ngozi ngumu inayong'aa, rangi moja, urefu mmoja, na tunda linalovumilia usiku kucha juu ya lori hadi Dar es Salaam. Anayepeleka Ulaya ana hofu ya ziada, maana kiwavi mmoja akionekana huko, shehena nzima imekwisha. Ladha? Sijaona mnunuzi akiuma tunda. Anabonyeza, anaguna, anataja bei ya kuudhi. Halafu gunia linajazwa, linashindiliwa, linavishwa kilemba cha wavu juu, lumbesa ambayo sheria imeikataza, na linahesabiwa gunia moja.

Hapo, waheshimiwa, ndipo sayansi yote niliyowamwagia inapopotelea. Mavuno ya ziada ambayo mkulima aliyalipia dukani kwa punje ya kuhesabu huondoka ndani ya kile kilemba ambacho hakuna anayekihesabu. Hakuna mtaalamu wa mbegu duniani, hata ningekuwa mimi, atakayezalisha chotara wa kushinda lumbesa.

Maswali ya chavua, utando na kizazi cha pili niulizeni, majibu ninayo hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. La kilemba lipo nje ya ubingwa wangu. Mizani ipo, na Wakala wa Vipimo upo. Kabla ya kununua pakiti nyingine, kubalianeni na mnunuzi kwamba mnauza kwa kilo.