Siti ya Nyuma Ina Mwenyewe

Baba Watoto ni mpima ardhi, na mpima ardhi hanunui hata ndoo kabla hajaizungushia futi kamba. Kwa hiyo alipotangaza mezani kwamba safari zetu za Njombe kwa mama yake sasa zitakuwa za pikipiki, nilijua nyumba itageuka ofisi. Kabla wiki haijaisha mlango wa friji ulikuwa umefunikwa na jedwali: majina ya pikipiki kushoto, kisha uzito, nguvu ya injini, urefu wa kiti, lita za tangi, ukubwa wa rimu. Nililisoma nikitafuta maziwa. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa mimi.

"Na mimi nipo safu ya ngapi?"

"Wewe si utakaa nyuma?"

"Nimeona. Nyuma ya jedwali."

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Kutoka Morogoro tunakoishi, barabara ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi, inapanda Kitonga kona juu ya kona pamoja na malori yaendayo Zambia na Kongo, inapita Mafinga na Makambako hadi Njombe. Basi hutuacha mjini. Njia ya kijijini kwa Mama ni udongo, na mvua ikinyesha udongo ule haumjui mgeni wala mwenyeji. Pikipiki alizoziorodhesha Baba Watoto zimeundwa kwa njia za namna hiyo: shokapu ndefu, tumbo lililoinuka, tangi kubwa, mahali pa kufungia masanduku. Nilichotaka kujua mimi ni kama zimeundwa kwa watu wawili.

Jumapili shemeji, mdogo wake Baba Watoto, akaja kutusomesha historia. BMW walitoa R 80 G/S mwaka 1980, akasema, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akawashindia mbio za Paris hadi Dakar. Honda wakajibu kwa NXR750, iliyoshinda mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989, na mwaka 1988 wakaanza kuwauzia watu wa kawaida Africa Twin ya kwanza.

"Hao washindi, shemeji," nikauliza, "nyuma walimpakia nani?"

Shemeji akarudia chai yake.

Ndiyo shida ya ukoo mzima. Pikipiki hizi zimejengewa jina kwenye mbio za mtu mmoja, na wanaume wawili waliokuwa sebuleni kwangu walikuwa wakizilinganisha kwa mtu mmoja. Walibishana kuhusu farasi mia na thelathini na kitu kana kwamba kuna siku tutawahitaji wote Kitonga, nyuma ya lori la shaba. Nikasema tuanze na mizani.

Jitu la jedwali lilikuwa R 1250 GS ya BMW. Likiwa na mafuta lina kilo 249, na kiwanda kinaruhusu jumla ya kilo 465 na si zaidi. Tofauti yake ni kilo 216, na hiyo ndiyo ruhusa ya kila kitu: dereva, abiria, masanduku na vilivyomo. Baba Watoto alisema ni nyingi mno. Basi tukaenda mashine ya kusaga, tukiwa tumevaa majaketi, mabuti na kofia ngumu, tukapanda mizani ya magunia mmoja mmoja. Kijana wa mashine alituzunguka akitafuta mahindi yetu.

Baba Watoto, kilo 98. Mimi, 81. Masanduku matupu pamoja na vyuma vya kuyashikia, tuliambiwa na wauzaji tukadirie 22. Begi zetu, zana zake na zawadi za Mama, 24. Jumla 225. Lile jitu, mfalme wa jedwali, limezidiwa kilo 9 kabla hatujatoka Morogoro. Na wadogo zake wengi ruhusa yao iko chini ya hapo.

"Tutapunguza viatu vyako," akasema.

"Tutaanza na tumbo lako," nikasema, na kijana wa mashine akakata umeme ili asikose neno.

Mama mkwe alifika katikati ya wiki, amekuja kupimwa macho, akakuta mwanawe ameazima Africa Twin ya rafiki yake wa kazini, CRF1000L ya mwaka 2016. Pikipiki nzuri, sitaisingizia. Ina kilo 232, na kiti chake huwekwa sentimita 85 au 87 kutoka ardhini. Baba Watoto akiipanda peke yake aligusa chini kwa vidole vya miguu, akasema inatosha. Aliisimamisha uani kwenye changarawe, pale ardhi inapoinamia jikoni, akaniita.

"Panda tu, mama. Nimeishika."

Nikaweka mguu kwenye kikanyagio cha kushoto kama alivyoagiza. Uzito wangu wote ukaenda kushoto, kokoto zikamkimbia Baba Watoto chini ya kidole, na ile pikipiki ikaanza kuinama taratibu, kwa heshima, huku akiiomba isubiri. Mimi nilishuka mapema. Wao wawili wakaendelea mpaka kwenye kichanja cha vyombo. Masufuria yakaondoka yakipiga kelele hadi kwa jirani, mwiko ukaingia kwenye spoki, mkono wa klachi ukapinda. Mtu hakuumia. Mama, aliyekuwa mkekani akichambua mchele na matone ya daktari machoni, akauliza nani amekuja.

Kuiinua ilikuwa elimu nyingine. Shemeji alitaka tuivute kwa mikono. Baba Watoto, aliyekuwa amesoma, akatuonyesha namna yenyewe: ingiza gia isibingirike, igeuzie mgongo, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu tembea kinyumenyume kwa nguvu za mapaja. Ikasimama. Klachi tulimlipa mwenyewe.

Jioni ile Mama alifunga mjadala wa nguvu za farasi. Huyu ni mwanamke aliyepanda bodaboda za kijijini tangu zilipoanza kuitwa toyo, akiwa na kuku, na ndoo, na mara moja na mlango wa choo.

"Toyo ina siti moja ndefu, bapa," akasema. "Mimi na dereva tumekaa usawa mmoja. Miguu yangu iko chini, mkono uko kwenye keria. Tukianguka, hatuanguki mbali. Haya makubwa yenu yanamweka abiria juu kama kuku aliyelala darini. Wewe, mkwe wangu, umepewa kishikio gani?"

Nikachukua futi kamba ya mume wangu. Kuanzia hapo jedwali la friji likapata safu mpya, zote kwa mwandiko wangu. Kutoka kiti cha abiria hadi kikanyagio ni sentimita ngapi, maana magoti yakikunjwa sana, kabla ya Mikumi nyonga zinadai kushuka. Upana wa kiti chenyewe. Mkono unashika nini. Mgongo unaegemea nini. Upepo ukipita juu ya kioo cha mbele unampiga nani, kwa sababu abiria hukaa juu kuliko dereva na mara nyingi unaomkosa dereva ndio unaompata abiria. Na shokapu ya nyuma: je, inakazwa kwa mkono au kwa kumtafuta fundi?

Hiyo ya mwisho Baba Watoto aliiona ya kike, mpaka aliposoma mwenyewe. Abiria na sanduku hukaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Nyuma ikididimia, mbele inakuwa nyepesi, usukani unalegea, na taa inainuka ikawapige machoni madereva wa malori wanaokuja. Dawa ni kukaza springi ya nyuma na kuongeza upepo wa tairi kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza kwa watu wawili. Yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono, kazi hiyo ni ya kusubiri chai ipoe. Isiyo nacho, mtu ataahirisha, na anayeahirishiwa ni uti wa mgongo wa aliyeko nyuma.

Tulikwenda Dar es Salaam, kwenye yadi ya pikipiki zilizotumika, na nikaweka sharti: Baba Watoto atapanda nyuma. Shemeji aendeshe, yeye awe mimi. Muuzaji aliruhusu mzunguko mfupi wa mtaa wenye matuta, na Mungu ambariki.

Ya kwanza ilikuwa Himalayan ya Royal Enfield, ya sentimita za ujazo 411. Kiti cha dereva sentimita 80 tu. Hata mimi ningeiendesha. Baba Watoto alirudi akitabasamu. Lakini injini ina farasi 24 na ushee, na shemeji alisema wazi kwamba mlimani, na mizigo, atapata shida kuyapita malori, nasi tutavuta moshi wao wote. Tukaiandika: nzuri kwa mtu asiye na haraka wala mke mwenye masanduku.

Ya pili Ténéré 700, kipenzi cha shemeji. Nyepesi kwa umbo lake, kilo mia mbili na kidogo, kiti cha dereva sentimita 87.5. Nyuma kiti ni chembamba. Walitoka, wakafika tuta la kwanza, tukasikia: ko! Kofia ya Baba Watoto imegonga ya mdogo wake. Tuta la pili, ko! Wakarudi Baba Watoto akiwa amemkumbatia shemeji kifuani kwa mikono miwili, hadharani, na hakuona haya.

"Inaendeshaje?" nikamuuliza.

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa nyuma!"

Sikuongeza neno. Alishuka akavuta futi mwenyewe, akapima kiti cha abiria, akapima vishikio, akamuuliza muuzaji maswali yangu yote kwa mpangilio wangu kana kwamba ameyazaa yeye. Alikumbuka hata Africa Twin zenye gia za kujibadilisha, zile za kilo 242, akasema sasa anaelewa faida yake: gia zikiingia bila kushtuka, vichwa havigongani.

Ya tatu ilikuwa kijivu, sura yake haisimamishi mtu barabarani: Suzuki V-Strom 650XT. Kilo 216, tangi lita 20, kiti cha dereva sentimita 83.5. Siti ndefu na pana nyuma, vishikio pande zote mbili, kitufe cha shokapu ubavuni cha kuzungusha kwa mkono. Rimu zake ni za spoki lakini tairi halina tyubu, kwa hiyo pancha huzibwa tairi likiwa palepale. Kwa dereva hilo ni jambo la ufundi; kwa abiria ni tofauti kati ya dakika chache na saa nzima juani pembeni ya hifadhi yenye simba. Walizunguka mtaa. Hatukusikia ko. Baba Watoto akaomba wazunguke tena.

Shemeji alinung'unika kwamba njia ikiharibika kabisa, rimu ya mbele ya inchi 19 haitapita pale inapopita ya inchi 21 ya Ténéré, na ni kweli. Ila kwa safari yetu lami ni nyingi kuliko matope, na matopeni mimi hushuka nikatembea. Tukainunua hiyo ya kijivu. Ruhusa ya uzito tuliiheshimu kwa kuacha masanduku ya pembeni. Tulifunga moja tu, la nyuma, lenye mto wa kuegemea, na zawadi za Mama zikatangulia kwa basi.

Tukatunga sheria za nyumba. Sipandi mpaka amekaa, miguu yote miwili chini, breki ya mbele imeshikwa, na ametamka "panda". Haondoki mpaka nimetamka "nipo". Nikimpiga bega mara moja, apunguze. Mara mbili, tusimame, na sababu haiulizwi. Kitonga tuliipanda hivyo, tairi la nyuma limeongezwa upepo, taa imetazama chini, na hakuna lori lililotuwakia kwa hasira.

Mama alitupokea kwa kuikagua pikipiki kabla ya kutusalimia. "Shikamoo, Mama" yangu ikasubiri. Alibonyeza siti, akavuta vishikio, akapanda mwenyewe kwa hatua za kiabiria hasa, akaegemea ule mto akafumba macho yake yaliyopona. Kisha akamwamuru mwanawe ampeleke mnadani, na tangu siku ile hadi tunaondoka siti ya nyuma niliisikia kwa jina tu. Alipelekwa mnadani, kanisani, kwa dada yake, na kwa dada yake tena kumwonyesha vizuri.

Asubuhi ya kuondoka alituletea gunia la viazi. Baba Watoto akaliinua kidogo, akaguna, akatoa kalamu na kuanza kujumlisha: mimi kilo ngapi, mke wangu ngapi, sanduku ngapi, viazi ngapi.

"Havibebeki, Mama. Uzito utazidi."

"Basi kapande basi wewe na viazi," Mama akasema, akinifungia kofia kidevuni. "Mkwe wangu keshakaa, na shemeji yake ameniambia kwenye simu kwamba kuendesha si kazi ngumu."