Kazi Nyepesi ya Kalamu

Mwanahabari aliyechoshwa na chumba cha habari asihangaike. Ofisi za mawasiliano zimejaa kazi nyepesi. Anatakiwa mhariri tu. Ataandika hotuba ya mkurugenzi, ataisahihisha, kisha ataisahihisha tena mkurugenzi akishairudishia makosa yake. Atapiga picha, atahariri video, atawajibu wateja Instagram, na ujumbe wa WhatsApp wa saa tano usiku ataupokea kwa bashasha, maana tangazo la kazi lilishasema awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo la kazi nyepesi nalo ni jepesi.

Mshahara ni maelewano, na busara yake iko wazi. Daktari wa upasuaji hulipwa kwa kuwa ana kisu. Wakili hulipwa hata kwa kusikiliza. Maneno kila mtu anayo mdomoni, sasa ulipie nini? Ndiyo maana msomi mwenye tasnifu ya kurasa 300 huomba tu "uipitie kidogo" hadi kesho asubuhi. Malipo ni kutajwa kwenye shukrani, jina likiwa limekosewa.

Wa kuhurumiwa ni Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944 huku akiandika pembeni. Angezaliwa enzi hizi, angepata ajira inayolingana na kipaji chake: kuandika maelezo ya picha ya mkurugenzi akikata keki. Nasi tungeepushwa na usumbufu wa kusoma riwaya yake ya Kusadikika.